Mama Anapokoma Hedhi, Ngozi Nayo Hubadilika



Katika darasa letu la kisomo hapa Mtowisa, wanafunzi wengi ni akina mama. Wengi wao wana umri wa miaka 45 hadi 60. Mimi mwalimu wao bado sijafika miaka 40. Basi mambo ninayoyaandika hapa sikuyajua kwa mwili wangu. Nimeyajua kwa kuwasikiliza wao, kwa kumwona mama yangu mzazi, kwa kumwuliza muuguzi wa kituo cha afya na kwa kusoma vitabu.

Jambo lenyewe ni kukoma hedhi. Wako wanaosema damu imekatika. Wengi hawasemi neno lolote. Siku nilipoandika ubaoni KUKOMA HEDHI, mama mmoja alisoma polepole, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukoma tena?" Darasa lilicheka. Lakini swali lilikuwa zuri. Maneno hayo mawili yamekaribiana kwa herufi, ila maana zake ni mbalimbali. Ukoma ni ugonjwa, nao hutibiwa hospitali ukapona. Kukoma hedhi si ugonjwa. Ni kufika mwisho kwa damu ya kila mwezi. Humfika kila mwanamke anayejaliwa umri, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kabla ya hapo damu huja na kupotea, huja tena na kupotea. Katika kipindi hicho anaweza bado kushika mimba. Asidanganyike.

Mwaka 1973 redio ya nchi yetu iliendesha kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu na kujadiliana. Walijifunza habari za malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Walichimba vyoo. Wazee wengine wa hapa bado wanaikumbuka. Kukoma hedhi hakukuwa katika masomo yale, nami silaumu. Watu walikuwa wanakufa kwa maradhi yale, nayo yalistahili kutangulia. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, leo amepita miaka 60. Amevuka kipindi hiki chote bila mtu kumwambia lolote.

Sasa tuitazame ngozi.

Ndani ya tumbo la mwanamke kuna vifuko viwili vya mayai. Vifuko hivyo hutoa kitu kinachoitwa homoni. Homoni moja kubwa ni estrojeni. Kazi yake si uzazi peke yake. Husaidia mifupa, na husaidia ngozi kushika maji na kubaki nene. Mama anapokaribia kukoma hedhi, estrojeni hupungua. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga unapopungua maji. Mpunga haufi siku ile ile, lakini udongo huanza kupasuka.

Chini ya ngozi kuna nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni. Mfano wake ni fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Huzioni, lakini ndizo zinazoushika ukuta. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya kukoma hedhi, mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya nyuzi hizo. Ndiyo maana ngozi hulegea, hukonda, na hupata makunyanzi. Mafuta ya asili ya ngozi nayo hupungua. Ngozi hukauka na kuwasha. Kidonda kidogo cha jembe au cha mwiba, ambacho zamani kilipona baada ya siku chache, sasa hukawia. Mama mwingine huota nywele chache kidevuni. Hizo nazo ni kazi ya homoni. Ya kike ikipungua sana, ile kidogo ya kiume iliyo katika mwili wa kila mwanamke huonekana.

Wanawake wa mkoa wetu wa Rukwa wanaishi katika nchi mbili zilizo tofauti. Juu ya uwanda wa Ufipa, huko Sumbawanga, ardhi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Miezi ya 6 na 7 kuna baridi na upepo mkavu. Upepo ule hunyonya maji ya ngozi, nao huacha magaga miguuni na midomo iliyopasuka. Huku bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, tuko karibu na Ziwa Rukwa, ambalo kimo chake ni kama mita 800 tu. Kwetu ni joto na jua kali. Kwa hiyo mama wa juu hukaushwa na upepo, na mama wa chini huchomwa na jua akipalilia mpunga au ufuta. Mwenye ngozi iliyokwisha konda huumia kokote aliko.

Mama yangu mzazi yuko huko juu. Mwaka ule alipoanza kukoma hedhi, nilikwenda kumtazama mwezi wa 6. Tulilala chumba kimoja. Usiku wa manane, wakati mimi nimejikunja ndani ya mablanketi mawili, yeye alitupa blanketi lake chini. Shingo na kifua vilikuwa vimelowa jasho. Alitaka kwenda nje kupata upepo. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi kitandani na kujipepea kwa kanga.

Nilimwuliza, "Mama, mbona huendi nje?"

Akanijibu, "Mwanangu, mwanamke mzee akionekana nje usiku peke yake, watu watasema nini?"

Kila mtu wa kwetu anajua watu watasema nini. Sifa ya uchawi ambayo Sumbawanga imepewa nchi nzima, sisi wenyewe ndio tunaoishi nayo. Huitwa mzaha mjini. Kijijini si mzaha. Katika nchi yetu wazee wa kike wamewahi kuuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kuni. Sasa fikiri juu ya mama ambaye hatoki jasho mchana lakini hulowa usiku, ambaye ngozi yake imekunjamana, na ambaye ana nywele mbili tatu kidevuni. Mwili wake unafanya kazi yake ya kawaida. Lakini jirani asiyejua atatoa maana yake mwenyewe.

Joto lile la ghafla huanza kifuani, hupanda shingoni na usoni, na kwa kawaida huondoka baada ya dakika chache. Kwa wengine hudumu miaka kadhaa, likija na kuondoka. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huweza kulichochea. Mama yangu sasa anaacha dirisha wazi kidogo, anaweka beseni la maji na kitambaa karibu na kitanda, na analala na kanga ya pamba badala ya gauni la nailoni. Jasho likikauka mwilini huongeza mwasho, kwa hiyo hujifuta na kupaka mafuta kidogo kabla ya kulala tena. Baba naye amekwisha elezwa. Alipoelezwa alisema, "Kumbe!" Basi. Lakini tangu siku ile yeye ndiye anayejaza maji kwenye beseni.

Katika darasa letu alikuwako mama mmoja ambaye aliacha kuja kwa majuma matatu. Nilimfuata nyumbani. Aliniambia anahisi sisimizi wakitembea chini ya ngozi ya mikono na mgongo. Akitazama, haoni mdudu. Alikuwa amejikuna mpaka kutoka damu. Ndugu za mumewe walikwisha amua kwamba ametupiwa kitu, na mbuzi wawili walikuwa wameuzwa ili apelekwe kwa mganga mbali.

Nilimwomba tupitie kwanza kituo cha afya, kwa kuwa kiko njiani. Sikumpinga mtu. Muuguzi alimwuliza maswali mengi. Je, watu wengine wa nyumbani wanajikuna usiku? Kama wanajikuna, huenda ni upele, na lazima nyumba nzima itibiwe kwa siku moja. Hakuna. Je, anakojoa mara nyingi na kuona kiu sana? Kisukari nacho huleta mwasho na vidonda visivyopona. Alipimwa sukari, hana. Je, kuna baka ambalo halina hisia likiguswa? Hilo huweza kuwa ukoma wenyewe, ule ambao darasa lilicheka. Hakuna. Hedhi ya mwisho aliiona lini? Hapo mama akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole. Miezi 8.

Muuguzi akamweleza kwamba mchomo ule wa sisimizi unajulikana. Baadhi ya wanawake huupata homoni zinapopungua na ngozi inapokauka. Alipewa maelekezo ya kuoga na kupaka mafuta, na vidonge vichache vya kupunguza mwasho ili alale. Hakupona siku ile. Ilichukua kama mwezi na nusu. Lakini alirudi darasani juma lile lile, na hilo kwangu lilikuwa kubwa, maana aibu ilikuwa imemkalia kuliko mwasho.

Maelekezo aliyopewa ni haya, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. Asioge kwa maji ya moto. Maji ya vuguvugu au ya baridi yanatosha, wala asikae majini muda mrefu. Sabuni ya kufulia, ile ya mche, ibaki kwa nguo. Huondoa mafuta yote ya ngozi. Atumie sabuni laini, na aipake kwapani, miguuni na penye uchafu tu. Mwili mwingine wote maji yanautosha. Asijisugue kwa dodoki gumu wala kwa jiwe, isipokuwa visigino. Akimaliza asijifute mpaka akauke kabisa. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta mara moja. Hapo ndipo penye siri yote. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Huyafungia ndani yale yaliyomo, kama mfuniko wa chungu. Ukipaka ngozi iliyokwisha kauka, umefunika chungu kitupu.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando, yale meupe yasiyo na harufu, yanafaa sana na bei yake ni ndogo. Mafuta ya alizeti yanafaa. Alizeti inalimwa mkoani kwetu na mashine za kukamua zipo. Kule Bangladesh, madaktari waliwapaka watoto njiti mafuta ya alizeti, wakaona yanasaidia ngozi yao changa kuzuia vijidudu. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2005. Watoto wale si akina mama wa Mtowisa, lakini habari hiyo inatuonyesha kwamba mafuta haya si ya kudharau. Yawe mapya na safi. Yaliyokwisha kaangia samaki hayafai, ingawa niliulizwa.

Jua nalo lisidharauliwe. Weusi wa ngozi yetu ni kinga nzuri, lakini haizuii kila kitu. Mabaka meusi ya mashavuni, ambayo akina mama wengi huyachukia, huzidi kwa jua. Kofia pana ya ukindu au kanga iliyotanguliza kivuli mbele ya uso husaidia. Anayeweza, aende shamba alfajiri na apumzike jua linapokuwa utosini. Najua kwamba wakati wa kufukuza ndege wa mpunga maneno hayo ni rahisi kuandika kuliko kutenda.

Habari za mabaka hayo ndizo zinazonifanya niandike kwa ukali kidogo. Siku za mnada huja wachuuzi na vipodozi. Mchuuzi mmoja aliwaambia akina mama kwamba anayo dawa ya "kurudisha usichana". Mama wa darasani alinunua tyubu moja. Majuma ya kwanza uso uling'aa. Wenzake wakamsifu, na wawili wakanunua. Mwezi wa tatu uso ulikuwa mwekundu, mishipa midogo imeonekana, na jasho likimgusa linamwunguza kama pilipili.

Tulifanya somo kwa tyubu ile. Kila mwanafunzi aliishika. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa, lakini herufi ni zile zile tulizojifunza. Tukasoma pamoja: C, L, O, B, E, T, A, S, O, L. Hiyo ni klobetasoli. Ni dawa ya hospitali, yenye nguvu nyingi. Daktari huitoa kwa ugonjwa maalumu wa ngozi, kwa muda mfupi. Ikipakwa usoni miezi mingi huikondesha ngozi. Hebu fikiri. Mama huyu kukoma hedhi kumekwisha kuikondesha ngozi yake, naye ametoa fedha ili ikonde zaidi.

Yako maneno mengine ya kuyatafuta. Likianza na H, Y, D, R, O, Q, U, I, hiyo ni haidrokwinoni. Huondoa weusi kwanza, lakini ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Ukiona M, E, R, C, U, R au C, A, L, O, M, E, L, hiyo ni zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia katika samaki, ikaua na kulemaza watu wengi. Mkataba wa nchi nyingi wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, nao unakataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Nchini kwetu viambato hivi vimepigwa marufuku katika vipodozi. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mnadani mkaguzi ni wewe mwenyewe na macho yako. Mkorogo unaopimwa kwa kijiko ndani ya kikopo kisicho na maandishi yoyote ni mbaya kuliko wote, kwa maana hauna hata herufi ya kukuonya.

Aliyekwisha tumia tyubu ya namna hiyo kwa muda mrefu asikae nayo kwa siri. Aipeleke kwa mganga wa kituo na kumwonyesha. Ukiiacha ghafla, ngozi huweza kuwaka zaidi kwa majuma kadhaa, na mtu akiona hivyo huirudia. Mama yule alisaidiwa. Uso wake umetulia, ingawa mishipa ile haikuondoka yote.

Kuna ngozi nyingine ambayo hatuisemi darasani wanaume wakiwapo, lakini katika kitabu nitaisema. Ngozi ya sehemu za siri nayo hukonda na kukauka. Tendo la ndoa huuma. Mama huanza kumkwepa mumewe, na mume hufikiri amepata mwingine. Sehemu hizo zisafishwe kwa maji matupu kwa nje. Sabuni isiingizwe ndani, wala majani, wala dawa za kukausha. Vipo vilainisho vinavyouzwa katika duka la dawa, na hospitali ina dawa za homoni za kupaka kwa wanaozihitaji. Anayetumia kondomu asipake mafuta ya mgando wala ya kula, kwani hupasua mpira wake. Mke na mume waongee. Muuguzi aliniambia kwamba ndoa ngapi amezisikia zikigombana kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kilainisho!

Jambo moja halingoji. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya kukoma, hata tone, hata mara moja, mama aende hospitali. Si kurudi kwa usichana kama wengine wanavyodhani. Huenda ni kitu kidogo, na huenda ni saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, ambayo ikiwahiwa huweza kutibiwa. Aende pia mwenye kidonda kisichopona, mwenye alama ya mwili inayokua au kubadilika rangi, na mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla hajafika miaka 40.

Chakula sitakieleza sana, kwa kuwa kitabu chetu kingine kimekieleza. Samaki na dagaa wa Rukwa, maharage, karanga na mboga za majani vinajenga mwili, na ngozi ni sehemu ya mwili. Hakuna chakula kinachorudisha estrojeni ya miaka 20. Tumbaku huiharibu ngozi haraka, ya mwanamke na ya mwanamume.

Tulipomaliza somo hili, mzee mmoja wa darasani, ambaye huketi nyuma na kusema kidogo, aliinua mkono. Alitaka kujua kama wanaume nao hukoma. Nilimjibu kwamba homoni za mwanamume hazikomi kwa mara moja. Hupungua polepole kwa miaka mingi, na ngozi yake nayo hukauka kadiri anavyozeeka. Chupa ya mafuta ya alizeti nyumbani inaweza kutumiwa na wote wawili. Akatazama mikono yake, akaigeuza. Akauliza kama mafuta ya karanga nayo yanafaa, kwa sababu yeye halimi alizeti. Nikamwambia yanafaa, ila ajaribu kwanza kidogo kwenye mkono na kungoja siku mbili. Na ikiwa nyumbani kuna mtu ambaye karanga humvimbisha midomo, basi wachague mafuta mengine.